Maswali ya Wasomaji: Geji ya Joto Katika Gari la Zamani

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, yaani joto la injini katika magari ya zamani na kiasi ambacho mwenye gari anaweza kuiamini geji iliyoko kwenye dashibodi. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu inagusa kosa ambalo limewafanya wengi wabadilishe rejeta na kufungua silinda hedi ambazo hazikuwa na ubovu wowote.

SWALI: Gari langu ni la Kiingereza la mwaka 1964, lenye geji za umeme za Smiths. Kwa muda sasa mshale wa joto hupanda hadi karibu na mwisho wa upande wa moto kila ninapoendesha kwa kasi, lakini nikisimama na kuiacha injini ikiunguruma taratibu, hasa usiku taa zikiwa zinawaka, mshale hushuka tena. Maji hayapungui na sijaona mvuke hata mara moja. Fundi ameshauri nibadilishe rejeta. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue rejeta kabla hujalijua joto halisi la injini yako. Geji ya dashibodi ni shahidi anayesimulia jambo lililotokea mbali naye, na shahidi huhojiwa kabla ya hukumu kutolewa. Katika barua yako kuna neno moja linalotufanya tumtilie shaka shahidi huyo, nalo ni taa. Taa za gari hazina uwezo wa kuyapoza maji ya injini. Kitu pekee zinachoweza kukipunguza, injini ikiwa katika mzunguko wa chini, ni volti za umeme. Mshale unaoshuka taa zinapowashwa, basi, unafuata umeme zaidi ya unavyofuata joto.

Ili ueleweke ushauri tutakaoutoa, ni vyema kwanza kufahamu jinsi geji ya aina hiyo inavyofanya kazi. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba wa kupashia moto. Umeme unapopita kwenye waya huo, ukanda hupata joto, hujipinda na kuusukuma mshale. Kiasi cha umeme kinachopita huamuliwa na sensa iliyofungwa kwenye injini, ambayo ukinzani wake, yaani kiasi inavyouzuia umeme, hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Kwa kuwa volti za gari hupanda na kushuka, watengenezaji waliweka nyuma ya dashibodi kifaa kidogo cha kudhibiti volti, ambacho hukata na kuunganisha umeme mara kwa mara ili wastani wake ubaki karibu na volti 10. Kifaa hicho huhudumia geji ya joto na geji ya mafuta kwa pamoja.

Kidhibiti hicho hakiwezi kufanya kazi bila ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, na mara nyingi ethi hiyo hupatikana kupitia skrubu moja tu inayokishikilia kwenye bati. Kutu kidogo au rangi mpya chini ya skrubu inatosha kuikata. Ethi ikikatika, kidhibiti huacha kukata na kuunganisha, na umeme wote hupita moja kwa moja. Gari likiwa katika mwendo na betri ikichajiwa kwa takribani volti 14, geji hupokea volti 14 mahali pa 10. Na kwa sababu joto la waya hukua kwa kipeo cha pili cha volti, ukanda ule hupashwa moto karibu mara mbili ya unavyostahili. Hapo mshale utapanda hata kama maji yana joto la kawaida kabisa. Injini inapounguruma taratibu na taa zikila umeme, volti hupungua, na mshale hushuka. Hukutueleza habari za geji ya mafuta, nasi tungependa uitazame leo: ikiwa nayo inaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyomo tangini, na hupanda na kushuka pamoja na mwenzake, basi kidhibiti ndicho cha kukaguliwa kwanza.

Hata hivyo dalili si ushahidi kamili, na haifai kuidharau geji inayoonya mpaka joto halisi lipimwe kwa chombo kingine. Ikiwa mdomo wa kujazia maji uko juu ya rejeta yenyewe, njia iliyo rahisi na ya kuaminika ni hii. Anza zoezi wakati injini ni baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta kabla ya kuwasha, tumbukiza ndani ya maji kipimajoto cha kioo au cha umeme kinachofika nyuzi 110 za Selsiasi, kisha washa injini na uisubiri ipate moto. Kwa muda mrefu maji ya juu ya rejeta yatabaki karibu baridi, kwa kuwa themostati, yaani vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, bado imefunga; halafu ghafla utayaona yakianza kutiririka na kipimajoto kitapanda haraka. Joto likishatulia, linganisha kipimajoto na mahali ulipo mshale. Kwa zoezi hilo moja unakuwa umeijaribu geji na pia umejua kama themostati inafunguka. Zima injini maji yakikaribia nyuzi 90 au yakianza kufurika. Usivae nguo zinazoning'inia karibu na feni, na kamwe usiufungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto, kwa sababu shinikizo likiondoka ghafla maji hugeuka mvuke papo hapo na kuunguza uso na mikono.

Ikiwa kipimajoto kitakuambia nyuzi 82 hali mshale uko upande wa moto, geuka kwenye umeme. Weka multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kati ya gamba la kidhibiti na ethi ya betri, swichi ikiwa imewashwa. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma volti kadhaa, ethi hakuna. Fungua skrubu, kwangua bati hadi ling'ae na ukaze upya, au ongeza waya wake maalumu wa ethi. Kisha unganisha taa ndogo ya kupimia upande wa kutokea umeme: kidhibiti kizima huifanya imemeteke, na kilichokwama huiacha ikiwaka moja kwa moja. Multimita ya tarakimu haifai sana hapo, kwa kuwa nambari zake hurukaruka zisisomeke. Ukiamua kuweka kidhibiti kipya cha kielektroniki, hakikisha kinalingana na ethi ya gari lako, kwani magari mengi ya Kiingereza ya miaka hiyo yalitoka kiwandani yakiwa na ethi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi. Kidhibiti cha zamani cha mitambo hakikujali upande. Cha kielektroniki kinajali, na kikiunganishwa kinyume huungua.

Ikiwa, kinyume chake, kipimajoto kitathibitisha kwamba joto kweli linapanda, na hasa kama linapanda katika mwendo wa kasi lakini si katika foleni, fundi wako atakuwa na hoja, kwa maana rejeta iliyoziba kwa ndani hushindwa pale injini inapotoa joto jingi. Tunachokataa ni kuibadilisha kwa neno la mshale peke yake.

SWALI: Nimeweka sensa mpya baada ya ile ya zamani kufa. Tangu hapo mshale haufiki hata katikati, ambapo zamani ulikuwa ukikaa daima. Geji yenyewe haina nambari, ila herufi za baridi, kawaida na moto. Nitajuaje maana ya mahali mshale unapokaa sasa?

JIBU: Sensa mbili zinaweza kuingia kwenye nyuzi zilezile za skrubu, zikafanana kwa umbo, na bado zikatofautiana kabisa kwa ukinzani. Linganisha kwanza nambari ya sensa na ile inayotakiwa kwa geji yako. La pili la kuangalia ni kama fundi aliizungushia utepe mweupe wa kuzuia uvujaji. Sensa ya waya mmoja hupata ethi yake kupitia nyuzi za skrubu zake, na utepe ukiwa mwingi huongeza ukinzani, hivyo geji husoma chini ya ukweli. Pima kwa multimita kati ya gamba la sensa na chuma cha injini. Ukinzani unapaswa kuwa karibu na sifuri. Angalia pia kwamba ncha ya sensa imezama majini. Maji yakipungua, au hewa ikinaswa juu ya silinda hedi, sensa hubaki ndani ya hewa au mvuke ambao hauipashi joto sawasawa, na mshale unaweza kuonyesha salama wakati chuma kinaungua. Hiyo ndiyo hali tunayoiogopa kuliko mshale unaosema uongo kwa kupanda, maana haimshtui dereva.

Wako wanaoijaribu geji kwa kugusisha waya wa sensa kwenye ethi. Waya ukiwa haujaunganishwa, mshale unapaswa kubaki upande wa baridi. Ukigusishwa kwenye ethi, unapaswa kupanda kuelekea moto. Zipo geji chache za zamani sana, hasa katika baadhi ya magari ya Kimarekani ya volti 6, ambazo hufanya kinyume, na mshale wake hulala upande wa moto swichi ikiwa imezimwa. Jaribio hilo lifanywe kwa sekunde chache tu, kwa sababu geji ya metali mbili inaweza kuungua. Nalo halipimi usahihi hata kidogo. Linachothibitisha ni kwamba waya haujakatika na kwamba geji ingali hai.

Usahihi hupimwa kwa sufuria. Ifungue sensa injini ikiwa baridi, uiache ikiwa imeunganishwa na waya wake uliorefushwa, na utumie waya mwingine kuunganisha gamba lake na ethi ya gari. Ining'inize ndani ya sufuria ya maji ili ncha izame na isiguse chuma, na kipimajoto kiwe kando yake kwa kina kilekile, nacho kisiguse sakafu ya sufuria, kwa sababu hapo maji huwa moto kuliko kwingine. Pasha maji taratibu huku ukiyakoroga, na kila ufikapo nyuzi 60, 70, 80, 90 na mwisho kwenye mchemko, subiri dakika moja au mbili mshale utulie, kwa kuwa geji ya aina hii ni nzito kuitikia. Chora sura ya geji kwenye karatasi na uandike nambari mahali ambapo mshale ulisimama. Betri iwe imejaa, na kama geji yako haina kidhibiti cha volti, chaja iwe imeunganishwa ili volti zifanane na za safarini. Karatasi hiyo itakufaa kuliko herufi tatu zilizochorwa kiwandani.

Usichukulie kwamba mchemko ni nyuzi 100 popote ulipo. Katika usawa wa bahari ni hivyo, lakini kiwango hicho hushuka kwa takribani nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, na kwa hiyo kwenye mita 1,500 maji safi huchemka karibu na nyuzi 95. Kipimajoto chenyewe nacho kinaweza kukaguliwa kwa njia hiyo, na pia kwa barafu inayoyeyuka, ambayo husimama kwenye sifuri.

Ukiona sensa mpya inasoma chini daima na huwezi kuipata iliyo sahihi, ukinzani unaounganishwa sambamba na sensa, yaani kati ya waya wake na ethi, huuinua mshale. Inayosoma juu hushushwa kwa kuongeza ukinzani katika mfululizo na waya wa sensa. Marekebisho hayo hulenga sehemu moja tu ya geji, kwa hiyo chagua joto la kawaida la kazi ya injini na upime tena kwa sufuria.

SWALI: Nimenunua kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, kinachotumia mionzi ya infraredi. Nikikielekeza kwenye tangi la juu la rejeta langu la shaba lililosuguliwa, kinasoma nyuzi 50, hali geji inasema 85. Kipi ni cha kweli?

JIBU: Kwa hali uliyoieleza, iamini zaidi geji. Kifaa chako hakipimi chuma kwa kukigusa. Hupokea mionzi ya joto inayotoka kwenye uso wa kitu na kuikadiria. Nyuso zisizong'aa, kama rangi nyeusi, mpira na utepe wa karatasi, hutoa mionzi hiyo kwa wingi, karibu asilimia 95 ya kiwango cha juu kabisa, na vifaa vingi hupangwa kwa kiwango hicho. Shaba, kromu na aluminiamu iliyosuguliwa hutoa kidogo sana, na badala yake huakisi joto la vitu vilivyo mbele yake, kwa hiyo kifaa husoma chini sana.

Bandika kipande cha utepe wa karatasi usiong'aa kwenye tangi la juu na kingine kwenye nyumba ya themostati, acha vipate joto la chuma, kisha pima hapo. Sogea karibu, kwa sababu doa linalopimwa hupanuka kadiri unavyorudi nyuma: kifaa kilichoandikwa uwiano wa 12 kwa 1, ukikiweka sentimita 60 kutoka kwenye chuma, hupima doa la upana wa sentimita 5, na sehemu ya doa hilo inaweza kuwa feni au hewa. Tarajia nambari iliyo nyuzi chache chini ya joto la maji yenyewe, kwa vile uso wa nje hupozwa na upepo. Angalia pia kama kifaa kimewekwa kwenye Farenhaiti au Selsiasi. Nyuzi 180 za Farenhaiti ni 82 za Selsiasi.

Kifaa hicho kina faida nyingine ambayo geji haina. Injini ikiwa moto, kipitishe polepole juu ya uso wa rejeta uliopakwa rangi nyeusi. Sehemu zilizo baridi waziwazi katikati ya zilizo moto ni mirija iliyoziba kwa kutu na tope.

SWALI: Gari langu la mwaka 1952 lina geji isiyo na waya wa umeme, bali kijibomba chembamba cha chuma kinachokwenda hadi kwenye injini. Baada ya kazi ya kubadilisha silinda hedi, mshale umelala chini na hauinuki kamwe. Je, unaweza kurekebishwa nyumbani?

JIBU: Kwa bahati mbaya, hapana. Kichwa cha shaba kilichoko majini hujazwa kimiminika chepesi kuvukiza, kwa kawaida etha. Maji yakipata moto, mvuke wa etha huongeza shinikizo, shinikizo hupita katika kijibomba na kuunyoosha mrija uliopinda ulioko ndani ya geji, aina ya mrija ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliubuni mwaka 1849. Hakuna betri wala sensa katika mfumo huo, na ndiyo maana huwa wa kweli kwa miaka mingi. Lakini kijibomba kikivunjika au kikikunjwa hadi kupasuka, etha yote hutoka, na mshale huanguka usiamke tena. Wapo mafundi mahususi wa geji za zamani wanaoweza kuunga kijibomba na kujaza upya. Usijaribu kukichomelea mwenyewe, kwani etha huwaka kwa urahisi mno.

Kwa wenye geji kama hiyo ambayo ingali nzima, fungueni nati ya kichwa bila kukizungusha kichwa chenyewe pamoja nayo, na mzungushe kijibomba katika duara pana chenye ziada ili mtikisiko wa injini usikikate. Jaribio la sufuria hufanyika kwa namna ileile, tena bila haja ya ethi. Msishangae kuona nambari za chini zimebanana na za juu zimeachana, kwa sababu shinikizo la mvuke hukua kwa kasi zaidi joto linapozidi. Geji hiyo, basi, husomeka vizuri zaidi palepale ambapo usahihi unahitajika.

SWALI: Ninatunza Ford Model T iliyofungwa kipimajoto cha Boyce MotoMeter juu ya rejeta. Nikiwa katika mwendo husoma chini sana. Je, kimeharibika?

JIBU: Si lazima. MotoMeter, iliyopata hataza mwaka 1912, haigusi maji. Hupima joto la hewa na mvuke ulio juu yake ndani ya tangi la juu. Model T nyingi hazina pampu ya maji, na mzunguko hutegemea maji ya moto kupanda yenyewe, jambo linalodai maji yafike juu ya mdomo wa hozi ya juu. Likumbukwe pia kwamba maji yakipungua sana chombo hicho hakisemi jambo la kutegemewa. Kipimajoto cha kawaida katika mdomo wa rejeta, kwa njia tuliyoieleza katika jibu la kwanza, kitakuonyesha tofauti iliyopo.

SWALI: Nikisimama dakika kumi na kuwasha tena, mshale huwa juu kuliko nilipouacha. Na ni joto gani hasa linalopaswa kuniogopesha?

JIBU: Kupanda huko ni kwa kweli na ni kwa kawaida. Injini ikizimwa, pampu na feni husimama, lakini chuma cha silinda hedi kingali na joto jingi, nalo huhamia kwenye maji yaliyotulia. Ukianza kwenda, mshale unapaswa kurudi mahali pake ndani ya dakika chache. Usiporudi, simama na uchunguze.

Kuhusu joto la kuogopwa, hakuna nambari moja kwa magari yote. Tazama joto lililochongwa kwenye themostati, ambalo mara nyingi ni nyuzi 74, 82 au 88. Injini yenye afya hukaa hapo au nyuzi chache juu yake, na hupanda kiasi kwenye mlima mrefu. Halafu tazama mfuniko wa rejeta. Gari lisilo na mfuniko wa shinikizo huchemsha maji matupu kwenye nyuzi 100, au chini ya hapo penye mwinuko. Lenye mfuniko wa pauni 7 kwa inchi ya mraba huyazuia hadi karibu na nyuzi 112 katika usawa wa bahari, na kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huongeza nyuzi chache tena. Kwa hiyo nyuzi 97 katika gari la kwanza ni hatari iliyokaribia kabisa, na katika la pili bado kuna nafasi ya kufika mahali pa usalama, kuzima injini na kuiacha ipoe bila kuugusa mfuniko.